Usimuulize Elmer, waulize ndovu wenziwe: namna ya kuwasomea watoto vitabu vya aliye tofauti

Vitabu vya picha kuhusu mtoto au mnyama asiyefanana na wenziwe, kama Elmer, yule ndovu wa viraka vya rangi, ni vingi, na karibu vyote vimeandikwa kwa nia njema. Nia hiyo pekee haitoshi. Kitabu kile kile chaweza kumpa mtoto nguvu au kumvunja moyo, kutegemea aliyekishika anauliza nini akifika kurasa za katikati.

Mimi nasomesha chekechea hapa Mombasa. Nilizaliwa Mji wa Kale, nikaolewa nikahamia Mikindani, na Jumamosi baada ya alasiri watoto wa majirani huja barazani pangu niwasomee. Kuna Wagiriama, Wakamba, Waluhya na Wajaluo, kuna watoto wa Kisomali wenye duka la pale kona, kuna kijana ambaye babake ni Mbaluchi na mamake Mtaita, na kuna msichana wa gredi ya pili anayetembea kwa magongo. Wakicheza, Kiswahili chao ni kimoja. Wakigombana, kila mmoja hukumbushwa kwao ni wapi. “Rudi kwenu bara.” “Wewe Mwarabu wa wapi na nywele hizo?” Maneno haya hawakuyatunga wao. Wameyaokota kwetu sisi watu wazima, sokoni na kwenye matatu, na huzidi kila uchaguzi unapokaribia.

Kwa hivyo vitabu hivi nawasomea kwa makusudi, na nina rai yangu juu ya kuvisoma. Aliye tofauti hana la kujibu. Wa kuulizwa ni wale wengine, kundi, wenye uwezo wa kusogea nafasi ipatikane au kukaa kitako wakaiziba. Ukilielekeza swali huko, mtoto ataondoka na jambo analoweza kulitenda Jumatatu akifika shule. Ukilielekeza kwa yule mmoja, utakuwa umemfunza kumhurumia tu, na huruma peke yake haimpi mtu nafasi kwenye mkeka.

Anzia ukurasa wa mwisho

Kabla hujamsomea mtoto, kisome kitabu peke yako, na uanze na mwisho wake. Hakitakuchukua muda. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa kuwa mchapaji hukunja karatasi kubwa inayotoa kurasa kwa mafungu ya nane au kumi na sita. Jiulize huyu aliye tofauti amekubaliwa kwa sababu gani. Amebadilika? Amegawa alicho nacho? Amewaokoa wote na hatari? Au wenziwe ndio waliobadilika?

Hadithi ya bata mbaya ya Hans Christian Andersen, iliyotoka Denmark mwaka 1843, ndiyo mama wa hadithi hizi. Wengi huikumbuka kwa mwisho wake: kifaranga aliyetukanwa na kudonolewa anakua, anajitazama majini, kumbe ni bata maji mweupe wa shingo ndefu, na bata maji wengine wanampokea. Kwake yeye mambo yamekwisha vyema. Lakini msichana wa magongo hatageuka bata maji. Miguu yake ndiyo hiyo. Mtoto mwenye ualbino atakua na ualbino wake. Ukimwambia “vumilia, iko siku watauona uzuri wako,” umempa ahadi isiyo mikononi mwako, na wale waliomdonoa umewaacha waende zao bila kuulizwa neno.

Sisemi uiache hadithi hiyo. Ndani yake mna kituo ambacho mimi hukaa nacho muda mrefu kuliko mwisho wenyewe. Kifaranga anaingia nyumba ya bibi kizee anayefuga paka na kuku. Kuku anamuuliza: unajua kutaga? Hajui. Paka naye: unajua kuinua mgongo na kunguruma? Hajui. Basi nyamaza, maoni yako hayatakiwi hapa. Watoto wa miaka sita hulielewa hili papo hapo. Waulize kuku na paka wa mtaa wenu huuliza nini. Wangu walijibu bila kufikiri: unajua Kiingereza? Unajua kucheza boli? Kwenu muna TV? Una viatu vya shule au huja na ndara? Somo limeshakwisha, na bata maji hata hajatokea.

Kitabu kingine ninachokishika kwa hadhari ni kile cha Marcus Pfister cha mwaka 1992, cha samaki mwenye magamba yanayomeremeta. Samaki huyu ana kiburi. Anaombwa gamba moja na samaki mdogo, anakataa, wote wanampa kisogo. Pweza anamshauri agawe magamba yake, naye anayagawa mpaka anabakiwa na moja, ndipo anapata wa kucheza nao. Picha zake zinapendeza kweli, na ukurasa ukiugeuza juani unametameta mpaka watoto wote wanataka kuugusa. Ukarimu nao ni jambo jema. Ila mtoto anayegawa biskuti zake zote wakati wa mapumziko ili aruhusiwe kuingia mchezoni, huyo nimemuona kwa macho yangu, na kitabu hiki chamwambia afanya vyema. Kwa hivyo nikifika pale wenziwe wanapomgeuzia mgongo, nasimama. Nauliza: wangeweza kucheza naye bila ya gamba? Mmoja atasema alikuwa na maringo, amestahili. Mwingine atasema angeomba radhi ingetosha, magamba ni yake. Waache wagawanyike. Usiwapatanishe haraka.

Elmer, na ndovu wasio na majina

Elmer wa David McKee alitoka mara ya kwanza mwaka 1968, na toleo wanalolijua wengi ni la 1989. Ndovu wote wana rangi ya ndovu, Elmer ana viraka vya kila rangi. Hakuna anayemtukana, na hilo lisikupite. Yeye ndiye mcheshi wao na wanampenda, lakini usiku mmoja usingizi unamruka kwa kuwaza kwamba labda wanazicheka rangi zake. Anatoka kimya kimya, anatafuta kichaka chenye matunda ya rangi ya ndovu, anakitikisa, anagaagaa mpaka amekuwa kijivu mwili mzima. Wanyama waliomwamkia kwa jina alipokuwa akienda, akirudi wanamwamkia “ndovu” basi. Anaingia kundini, hakuna anayemtambua, na kundi zima limesimama kimya, halina hata tabasamu. Anashindwa kujizuia, anapiga ukelele, wote wanaruka kwa mshituko, kisha wanaangua kicheko. Mvua inanyesha, rangi inachuruzika, viraka vinaonekana.

Wengi hukifunga kitabu hapo wakasema, “Umeona? Jipende ulivyo.” Mimi huwarudisha nyuma, kwenye ile picha ya ndovu kijivu waliosimama. Na hapa ndipo ilipo njia yangu yote, kwa hivyo nitaieleza polepole.

Chagua ndovu mmoja asiye na jina. Usichague wa mbele, chagua wa pembeni, ambaye mchoraji amemuonyesha nusu uso. Weka kidole juu yake. Waambie watoto wampe jina. Atapata jina, na jina likishatoka hawamsahau tena, juma linalofuata watamuulizia. Sasa uliza habari zake yeye. Jana usiku alilala wapi, karibu na Elmer au mbali? Elmer alipoondoka, alisikia? Kama alisikia, kwa nini hakuinuka? Hivi sasa amesimama, anahisi kuna kitu kimepungua, je, anajua ni nini? Kitabu hakijibu hata moja katika haya, na ndiyo raha yake, kwani hakuna jibu la kukariri. Kijana wa Kibaluchi alisema ndovu yule alisikia, lakini alifikiri mwingine ataamka. Nikamuuliza mwingine nani. Akanitazama, asinijibu, akarudi kuitazama picha.

Kidole juu ya asiye na jina hufanya kazi katika karibu kila kitabu cha aina hii, hata kile kibovu. Kila mtoto aliyekaa pale barazani, siku nyingi za maisha yake, yeye ndiye huyo wa pembeni. Si mkosaji mkubwa wala si shujaa. Ni yule aliyekuwako.

Mwishoni mwa kitabu ndovu wanaamua kwamba siku moja kila mwaka watajipamba kwa rangi, na siku hiyo Elmer atakuwa kijivu. Hapo kundi ndilo linalojipaka, na mimi napapenda. Uliza tu: na siku zile nyingine za mwaka? Baada ya hapo tufanye kazi ya mikono. Nakata ndovu wa karatasi ngumu za maboksi ya dukani, fundi wetu wa nguo hunipa vipande vya leso na vitenge vilivyobaki, na gundi ya unga wa ngano twaipika wenyewe. Ndovu wakikauka nawapanga ukutani, na huwa hatumwandiki yeyote kuwa ndiye Elmer.

Samaki mweusi, na msichana wa usiku

Swimmy wa Leo Lionni, wa mwaka 1963, kwa watoto wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Jodari mwenye njaa anawameza samaki wadogo wekundu wote, anasalimika mmoja mweusi. Anazunguka baharini peke yake, anamuona mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, anaona mwani na viumbe vingine vya ajabu. Hatimaye anakuta kundi jingine la wekundu limejificha mwambani kwa hofu. Anawafundisha kuogelea pamoja kwa umbo la samaki mmoja mkubwa, naye anakuwa jicho.

Watoto hupiga makofi, na mimi siwakatizi. Kisha nawafungulia ukurasa wa kwanza tena. Swimmy alikuwa mweusi tangu hapo, na aliishi na nduguze kwa furaha kabla jodari hajatokea. Wakati ule hakuwa jicho la mtu, hakuwa na kazi yoyote, alikuwa wao. Mtoto akiliona hili, hatamdai mwenziwe afanye la ajabu ndipo apewe nafasi.

Sulwe wa Lupita Nyong'o, kilichochorwa na Vashti Harrison, kilitoka mwaka 2019 na kimetafsiriwa kwa Kiswahili na kwa Kidholuo. Msichana ana rangi ya usiku wa manane, dadake ana rangi ya adhuhuri, na Sulwe anajaribu kila njia awe mweupe: anajisugua kwa kifutio, anajipaka vipodozi vya mamake, anakula vyakula vyeupe, anaomba dua. Ukikisoma hapa kwetu, jua umegusa pazito. Nimekulia katika nyumba za harusi ambamo sifa ya kwanza ya biarusi ni weupe wake, hata kabla ya adabu yake, na nywele za singa zilitajwa mbele ya watoto wenye nywele za kipilipili wanaosikiliza. Watoto wanajua nani katika familia husifiwa rangi.

Kwa hivyo usikimbilie kumwambia mtoto mweusi kwamba ni mzuri. Mwambie siku zote, usingojee kitabu. Katika kitabu, kaa na ile hadithi ya ndani, ya dada wawili, Usiku na Mchana. Usiku aliondoka kwa sababu ya maneno ya watu, na alipoondoka, jua halikutua, hapakuwa na kulala, na watu waliofurahi mwanzoni wakaja kumtaka arudi. Uliza majina yale mabaya yalitoka midomo gani. Uliza nani angeweza kuyazuia siku ya kwanza tu. Kama mama au shangazi amekaa karibu akichambua mchicha, sema kwa sauti ya kumfikia.

Owen na Mzee wa Bamburi

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote hakikubuniwa, na kimetokea hapa hapa petu. Mvua za mwisho wa mwaka 2004 zilijaza Mto Sabaki, na viboko wakasukumwa mpaka baharini karibu na Malindi. Tarehe 26 Desemba tsunami ilipofika pwani yetu, alionekana kiboko mchanga peke yake kwenye mwamba. Watu wa Malindi walihangaika naye kwa nyavu mpaka wakamtoa, akafungwa, akapakiwa gari, akaletwa bustani ya wanyama ya Haller Park, Bamburi. Akapewa jina la Owen, la mmoja wa wale waliomkamata. Bustanini alikuwako kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra, visiwa vya Shelisheli, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi. Jina lake Mzee.

Owen alipofunguliwa alikwenda moja kwa moja kujificha nyuma ya kobe. Mzee hakupenda. Alifoka akaanza kuondoka. Owen akamfuata. Kobe si wa kumkimbia mtu, na usiku ukaenda hivyo, huyu anaondoka, huyu anafuata. Asubuhi walinzi waliwakuta Owen amemlalia ubavuni, na kobe ametulia. Siku zilizofuata Owen hakutaka kula majani aliyowekewa, mpaka Mzee alipokula karibu naye. Baadaye wakawa wanaoga pamoja, wanalala pamoja, na mara nyingine kobe ndiye aliyemfuata kiboko. Craig Hatkoff, bintiye Isabella na Dakta Paula Kahumbu waliandika kitabu chake, kilichochapishwa mwaka 2006 kwa picha za kamera za Peter Greste.

Nakipenda kwa sababu Mzee hakuanza kwa wema. Watoto wanahitaji kuliona hilo. Vitabu vingi huwagawa watu kuwa wabaya wenye kutenga na wema wenye kupokea, na mtoto aliyewahi kumsukuma mwenziwe hujiona hana nafasi tena upande wa wema. Mzee alifoka usiku, asubuhi akanyamaza. Waulize watoto kilichotokea katikati ya usiku ule ambao hakuna kamera. Na tazama pia jambo ambalo hakuna aliyemtaka Owen alifanye. Hakuambiwa ajifunze kuwa kobe kwanza.

Ukiwa Mombasa huna udhuru wa kukisomea nyumbani tu. Chukueni matatu za Mtwapa mshuke Bamburi. Pale mtakapotembea palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu, hadi René Haller, ambaye bustani ina jina lake, alipoanza kupanda miti mwaka 1971, mivinje ikiongoza. Waonyeshe watoto sindano za mivinje chini, udongo ulioanzia hapo. Kisha wasomee mkiwa mumekaa kivulini.

Watakuuliza swali moja, na ujiandae: sasa wako pamoja? Sema kweli. Owen alikua, kiboko mkubwa na kobe katika dimbwi moja ni hatari kwa kobe, akahamishiwa sehemu nyingine pamoja na kiboko jike aitwaye Cleo. Wapo watakaosema amefukuzwa. Wapo watakaosema amepata mchumba. Msichana wa magongo aliuliza kama Mzee aliulizwa. Mimi hapo huacha watoto wazungumze wao, kwa kuwa wengi wao wamehamishwa nyumba, au shule, au wamepelekwa kwa nyanya bara bila kuulizwa, na wanajua wanalolisema.

Namna ya kusoma yenyewe

Vingi vya vitabu hivi ni vya Kiingereza. Usisome sentensi ya Kiingereza halafu uitafsiri, halafu nyingine, hadithi itakufa mikononi mwako. Kisome usiku wa kuamkia, andika Kiswahili chako kwa penseli kwenye vipande vya karatasi, vibandike juu ya maandishi. Na kiwe Kiswahili unachokisema nyumbani. Wanyama wangu humwambia Elmer “Subalkheri, Elmer,” na akirudi kijivu humwambia “Subalkheri, ndovu,” na watoto huguna wenyewe kwa kulikosa lile jina.

Mara ya kwanza tembeza picha bila ya kusoma. Mtoto asiyejua kusoma huziona picha vizuri kuliko wewe. Mara ya pili soma bila kusimama. Maswali yaje mara ya tatu, hata kama ni wiki nyingine. Ukiuliza kila ukurasa umegeuza hadithi kuwa mtihani, na watoto wetu mitihani wanayo ya kutosha.

Sauti nayo. Usimpe aliye tofauti sauti ya kuchekesha. Ukimsomea kigugumizi au sauti nyembamba, hiyo ndiyo watakayobeba kwenda nayo uwanjani.

Na lile lililo gumu zaidi: mtoto aliye tofauti amekaa mbele yako. Usimtazame unaposoma. Usiseme “kama fulani wetu hapa.” Usimuweke mbele kwa heshima wala nyuma kwa kumsitiri, akae anapopenda. Mwenziwe akinyoosha kidole na kusema “Huyu ni kama Elmer!”, jibu kwa utulivu kwamba huyu ana jina lake na amekuja kusikiliza hadithi, na tulikuwa tukizungumza habari za yule ndovu wa pembeni. Kisha endelea kusoma, sauti ile ile. Akitaka yeye mwenyewe kusema jambo, atasema siku yake. Msichana wa magongo hakusema neno juu ya kitabu chochote cha kilema nilichowahi kukisoma. Kitabu alichokiomba tena ni kimoja ambacho ndani yake mtoto wa kiti cha magurudumu yuko sokoni anabishana bei ya maembe, na hadithi wala haihusu kiti.

Profesa Rudine Sims Bishop wa Marekani aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu ni vioo na madirisha: mtoto ajione ndani yake, na awaone wengine. Mimi nimeona kwamba kioo kinachomuonyesha mtoto tatizo lake tu humchosha. Kwa kila kitabu cha kutengwa, tafuta viwili ambavyo mtoto wa namna ile ile anapika, anapotea njia, anaogopa mbwa.

Vitabu vyenyewe

Bei ya kitabu kipya cha picha ni kubwa kwa mzazi wa kawaida, najua. Maktaba ya taifa tawi la Mombasa ina sehemu ya watoto. Kwenye simu kuna African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India. Zote mbili zina hadithi za Kiswahili, ni za bure, na zinaruhusu uzichapishe na hata uzitafsiri. Hakikisha tu umekisoma Kiswahili chake kabla, kwani baadhi zimetafsiriwa kwa pupa. Saiba ya mtaani itakuchapishia, nyeusi na nyeupe yatosha, watoto wapake rangi.

Kisha watengeneze chao. Karatasi nne za A4 ukizikunja kati na kuziingiza moja ndani ya nyingine hutoa kurasa 16, shona katikati kwa sindano na uzi mzito. Sharti langu ni moja: hadithi isianze kwa aliye tofauti. Ianze kwa mahali palipojaa watu. Wangu wamechagua feri ya Likoni, saa ya jioni, watu wote wanavuka kwa miguu. Kila mtoto anachora watu wa pembeni, kila mmoja ana jina na mzigo wake: mwenye mkokoteni, mama wa mboga, askari, wanafunzi, bwana mwenye fimbo nyeupe. Kazi ya hadithi ni nani anasogea ili nani apite, na anasogea kwenda wapi maana feri imejaa. Huko ndiko walikogomba wiki iliyopita. Aliyechora mkokoteni hataki usogezwe, amesema una maji ya watu na ni mzito. Mwache mwenye mkokoteni ajitetee, ana hoja. Wape karatasi ya kujaribia, wapange upya, na usiwachoree wewe.